Kitulizo cha Hidaya

Kitulizo kilizimika Jumatatu asubuhi, Hidaya Kihiyo akiwa amemshikia Mwalimu Osmunda kioo mbele ya mdomo.

Walikuwa wanafanyia kazi neno "maji". Osmunda Mgaya alikuwa mwalimu wa darasa la tatu hapo Ilundo mpaka kiharusi kilipomwangusha mbele ya ubao, chaki ikiwa bado mkononi. Akili yake ilibaki nzima na alielewa kila alichoambiwa, lakini maneno yalikuwa yamemhama. Aliweza kusema "ndiyo", "hapana", na, kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua, "Jumatano". Hidaya alikuwa anamwonyesha jinsi midomo inavyokutana kabla sauti haijatoka, naye Mwalimu anaitazama midomo yake mwenyewe kwenye kioo kwa hasira, kama anavyotazamwa mwanafunzi mkaidi.

Ndipo Hidaya akaikumbuka harufu ya maganda ya machungwa yakikauka juani, uani kwa mama yake, Muheza. Ilikuwa harufu aliyoikumbuka mara nyingi katika miaka sita aliyokaa Ilundo. Mara hii iliuma. Ilimshika chini ya mbavu na kumbana, akashindwa kuendelea na somo. Akapapasa nyuma ya sikio la kushoto. Pale ambapo siku zote palikuwa na joto dogo, ngozi ilikuwa baridi.

Mwalimu Osmunda akakichukua kioo taratibu, akakilaza mezani, akamtazama.

Hidaya akamwomba radhi, akamwambia kwa leo inatosha.

Kila mtaalamu aliyepangiwa vituo vya mbali alikuwa na kitulizo. Kilikuwa kitu kidogo kama punje ya choroko, kinawekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio kwa muda usiozidi wa kung'oa jino. Kikishakaa, kinajifunza mwili wa mwenyewe: moyo unavyodunda anapowaza kwao, joto la ngozi linavyopanda, umeme wa kichwani unavyochezacheza. Kikishaijua ile hali, kinaipoza kila inapoanza, kabla haijafika kifuani. Hakifuti kumbukumbu. Mtu anaendelea kumkumbuka mama yake na nyumba aliyokulia, ila anavikumbuka kama anavyokumbuka majina ya mito aliyofundishwa shuleni.

Kabla ya hapo Ilundo ilikuwa haikai na mtaalamu wa usemi. Hospitali iko juu kabisa, kwenye uwanda wa baridi, imezungukwa na mashamba ya viazi na miti ya misindano, na ukungu unaoingia hata vyumbani. Waliopewa nyumba nzuri waliondoka. Waliopandishwa vyeo waliondoka, wengine bila kuaga. Aliyemtangulia Hidaya alivumilia mpaka msimu wa baridi ulipoanza, akaomba ruhusa ya msiba, hakurudi. Katika ule muda ambao chumba chake kilikaa kimefungwa, mzee mmoja aliyepata kiharusi alirudishwa nyumbani, na watu wake wakamlisha uji kwa upendo wote, hawajui kwamba koo lake halifungi tena njia ya pumzi. Alikufa kwa uji. Baada ya vifo vya namna hiyo kuwa vingi katika wilaya za mbali, ndipo ukaanzishwa Mpango wa Kubaki, na vitulizo vikaja.

Hidaya alikiomba mwenyewe. Alikuwa amemaliza chuo, anaipenda kazi yake, na anajijua kuwa ni mtu wa kulia akiwa mbali na kwao. Kitulizo kikamfanya awe mtu anayebaki. Katika miaka sita watoto waliozaliwa na midomo wazi walikuwa wamejifunza kutamka majina yao, wazee walikuwa wanakula bila kupaliwa, na jina lake lilijulikana hadi vijiji vya bondeni.

Sheria ya vitulizo ilikuwa na kipengele kimoja cha huruma. Kikiisha nguvu, hakibadilishwi papo hapo. Mwenyewe lazima akae mwezi mzima bila kitu, apate kuamua kwa moyo wake mwenyewe, kisha aseme kwa kinywa chake mbele ya daktari kama anataka kingine. Mwezi huo waliuita muda wa wazi. Hidaya alikuwa ameusoma kama mtu anavyosoma maelezo ya dawa ambayo hadhani ataitumia.

*

Alimpigia mama yake mchana huohuo. Haikuwa siku yao. Siku yao ilikuwa Ijumaa, na hakuwahi kuikosa hata moja. Bi Mwantumu aliishi peke yake tangu mumewe afariki, na kila Ijumaa alipokea simu ya mwanawe, wakaulizana hali, wakaagana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini, mbona leo?"

Hidaya hakujibu, kwa sababu alikuwa anaisikia sauti ya mama. Ulimi ulikuwa mzito. Sauti ya "s" ilikuwa inavuja pembeni, na pumzi ilikuwa inaisha kabla sentensi haijaisha, hivyo maneno ya mwisho yalitoka kama yananong'onwa. Hicho hakikuwa kitu cha jana. Kilikuwa kimejengeka kwa muda mrefu, na jambo lililomtoa jasho ni kwamba alikuwa anakijua. Alikuwa amekisikia tangu mvua za vuli za mwaka uliopita. Alikuwa amemwambia mama apunguze chumvi, akapimwe presha, amemfundisha namna ya kuufanyisha ulimi mazoezi, amempa jina la daktari wa Tanga. Kila Ijumaa alimuuliza kama anapaliwa, akamshauri ainamishe kidevu anapomeza. Alikuwa amemhudumia mama yake vizuri kabisa. Kisha alikuwa anakata simu na kwenda kula.

Akaanza kulia.

"Unalia wewe?" Bi Mwantumu akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

Mama yake akavuta pumzi, akaipanga, kama Hidaya mwenyewe alivyomfundisha. "Nilikuwa nadhani napigiwa na hospitali," akasema. "Kila Ijumaa. Nikawa naona haya kukusumbua."

*

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hidaya hakuwa na mazoea ya upweke. Watu wengine huuzoea kidogo kidogo toka utotoni. Yeye wake ulikuwa umewekwa akiba kwa miaka sita, ukamjia mzima. Akagundua kwamba hakuwa na rafiki hata mmoja Ilundo, kwa kuwa hakuwahi kumhitaji. Watu walimheshimu, walimpelekea viazi na mboga, na hakuna aliyekuwa anaingia ndani. Nyumba ya kituo ilikuwa na viti vinne ambavyo vitatu havijawahi kukaliwa. Aliamka asubuhi akaona ukungu dirishani, akakaa kitandani bila kujua aanze na mguu upi.

Na kazi ikaharibika. Angependa kusema kwamba moyo ulioamka ulimfanya awe mtaalamu bora, lakini haikuwa hivyo. Alichelewa. Alimkaripia mama mmoja aliyesahau kumfanyisha mwanawe mazoezi, mama wa watu ametembea toka bondeni na mtoto mgongoni. Alipokuwa na Mwalimu Osmunda alijikuta anasikiliza sauti ya Muheza kichwani, hata Mwalimu alipotoa sauti ya "ma" safi kwa mara ya kwanza, Hidaya akaipita bila kuisikia. Mwalimu akaacha kujaribu siku ile.

Aliyeyaona yote hayo kwa karibu alikuwa Tausi Chitanda. Tausi alikuwa ametoka chuoni, binti wa Newala, ameletwa ajifunze kazi chini ya Hidaya kwa miezi michache kisha apangiwe kituo. Alikuwa bado hajawekewa kitulizo. Chake kilikuwa kimeshafika, kimeletwa na ndege ndogo ya dawa pamoja na chanjo, kimekaa kwenye friji la maabara. Tausi alivaa sweta mbili juu ya gauni na alikuwa hafichi machozi. Jioni aliongea na kwao Kimakonde kwa sauti kubwa, kisha akakaa kwenye ngazi amejikunyata. Mikono yake lakini ilikuwa mizuri. Alijua kugusa koo la mgonjwa na kuhisi kama mmezo umekamilika, jambo ambalo wengine huchukua miaka kulijua, na watoto walimpenda.

Mwanzoni Tausi alikuwa anamwangalia Hidaya kama mtu aliyevuka mto anaouogopa. Sasa alimkuta chumba cha tiba amejiinamia, na hakujua la kufanya, akampelekea chai.

*

Mganga mfawidhi wa Ilundo, Dokta Leodgard Mlelwa, alimwita Hidaya ofisini wiki ya pili. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. Yeye ndiye aliyetia saini cheti cha kifo cha yule mzee wa uji, na hakuwa amesahau. Alimuuliza habari za mama, akasikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa. Kisha akamweleza jambo lilivyo.

Hakuwa na uwezo wa kumwachia Hidaya aondoke na kukiacha kituo kwa mtu asiye na kitulizo. Uzoefu ulikuwa umeonyesha kinachotokea. Lakini kama Tausi angekubali kuwekewa chake, kituo kingekuwa na mtu wa kubaki, naye angemwandikia Hidaya uhamisho wa kwenda Tanga siku hiyohiyo. Tausi alikuwa anasitasita. Anasikia hili na lile kwa wenzake. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumtoa wasiwasi.

"Anakuamini wewe, dada Hidaya. Ukimwambia kiko salama, atakubali."

"Kiko salama, daktari."

"Basi mwambie hivyo."

Hidaya alitoka nje akasimama chini ya baraza. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri, wengine wamejifunika mablanketi, na walipomwona wakajiweka sawa, wakidhani anakuja kuita jina. Alifanya hesabu ambayo kila mtu angeifanya. Tausi angekaa miaka sita bila maumivu yoyote. Wagonjwa wangetibiwa. Mama yake angekuwa na mtu wa kumshika mkono. Hakuna hata mmoja katika hao ambaye angeumia, wala hata uongo usingehitajika. Kilichotakiwa ni kunyamaza kidogo mahali fulani katikati ya maelezo.

*

Tausi alimuuliza Jumapili alasiri, jikoni kwa Hidaya, wakimenya viazi. Ilikuwa mara ya kwanza kiti cha pili cha nyumba ile kukaliwa. Aliuliza akiwa ameinamia kisu, kama mtu anayeuliza jambo dogo, kama eti kitulizo kinauma.

Hidaya akasema kukiwekwa hakiumi, na baada ya hapo hakiumi kabisa. Akamweleza kuwa kinafanya kazi kama walivyoahidi. Angelala usingizi mzuri. Angewatibu watu wengi na angewatibu vizuri, kwa sababu akili yake yote ingekuwa pale chumbani. Akamwambia asiwasikilize wanaosema kinamgeuza mtu kuwa jiwe. Yeye alicheka na wagonjwa wake, alifurahi walipopona, alikasirika walipodhulumiwa.

Angeweza kuishia hapo. Tausi alikuwa ameanza kutulia, hata kisu kilikuwa kinakwenda haraka.

"Mama yangu ana kiharusi cha kidogo kidogo," Hidaya akasema. "Kimemwanza mwaka jana. Nilikisikia kwenye simu, Ijumaa baada ya Ijumaa, nikampa ushauri. Hakuna kosa kwenye ushauri wangu. Ila sikwenda, Tausi. Siyo kwamba nilikatazwa. Likizo ninayo. Sikuona sababu ya kwenda."

Tausi akaacha kumenya.

"Na haikukuuma?"

"Haikuniuma. Ndicho ninachokwambia. Ingeniuma, ningekwenda."

Baadaye Tausi akauliza kama Hidaya angekuwa mahali pake angefanyaje, naye Hidaya akamjibu kwamba hawezi kumjibu hilo, kwa sababu jibu lake lina faida yake ndani. Akamweleza yote aliyosema Dokta Mlelwa, uhamisho na Tanga na kila kitu. Alipomaliza akaona uso wa binti unabadilika, kwanza hofu, kisha kitu kama heshima, na mwisho uchovu. Tausi alisema lazima afikirie. Akaondoka bila kula.

*

Jumatano Tausi alikwenda mwenyewe kwa mganga mfawidhi akamwambia hataki kitulizo. Dokta Mlelwa alimwita Hidaya, na safari hii hakumuuliza habari za mama. Alimwambia kwamba amefunga kituo kwa mdomo wake. Binti yule angeondoka baridi ikizidi, Hidaya naye angekwenda kwao kwa uhamisho au bila uhamisho, na hapo benchini kuna watu ambao wangekufa na hawajui. Hidaya alikuwa ameyawaza hayo hayo usiku kucha.

Alichokuwa nacho ni pendekezo dogo. Wakae wawili, bila vitulizo, wapokezane. Mmoja akiwa kwao kwa miezi mitatu, mwenzake awe Ilundo, na katikati wakutane wiki chache wafanye kazi pamoja, wale pamoja. Yeye aende kwanza kwa sababu ya mama. Dokta Mlelwa akasema hakuna bajeti ya watu wawili kituo kimoja, kisha akasema bajeti ataitafuta, kisha akarudi kwenye kilichokuwa kinamuuma.

"Na Tausi akishindwa ukiwa huko?"

"Atakwambia, daktari. Atakuja kulia hapa ofisini kwako na utajua una siku chache za kutafuta mtu. Mimi nisingekuja."

Mganga mfawidhi akavuta kalenda ya mezani, akahesabu. Mwisho akasema miezi mitatu, ya kujaribu, na kama mtu mmoja angepaliwa na kufa katika hiyo miezi, lingekuwa juu yao wote watatu. Hidaya akakubali. Hakujua kama amefanya jambo jema. Alijua tu kuwa amelifanya.

Kumuaga Mwalimu Osmunda kulikuwa kugumu kuliko alivyotazamia. Alimweleza polepole, kwa maneno mafupi, akachora kalenda, akaonyesha mwezi atakaorudi. Mwalimu alielewa toka sentensi ya kwanza. "Hapana," akasema, kwa matamshi safi. Hidaya akaanza kumweleza kuhusu Tausi, jinsi alivyo hodari. "Hapana," akasema tena, akageuza uso ukutani, na hakuugeuza tena mpaka Hidaya alipotoka.

*

Huko Muheza, Hidaya aliikuta nyumba imepungua. Mama yake alikuwa amehamishia kitanda chumba cha mbele ili asitembee sana, na uani hakukuwa na kitu kinachokauka. Bi Mwantumu alimpokea kwa kumshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia kwa muda mrefu bila kusema, na Hidaya hakujua kama ni kwa sababu maneno yanamchosha au kwa sababu anamtafuta mtu fulani humo usoni.

Walikaa vizuri. Hidaya alipika, akamkanda mama shingo na taya, wakafanya mazoezi ya ulimi wakicheka mbele ya kioo cha kabati. Sauti haikurudi ilivyokuwa, ila ilitulia. Jirani aliyekuwa anapita hapo kumsaidia mama, Hidaya alimfundisha kuandaa chakula laini na kumketisha mgonjwa wima. Alimfundisha kwa bidii, kwa sababu siku zilikuwa zinakwenda.

Tausi alikuwa anapiga simu. Mwanzoni alipiga kila jioni, analia, anasema ukungu umeingia mpaka kabatini, anasema kesho anaondoka. Hakuondoka. Alisema Mwalimu Osmunda alikataa kuja kwa wiki mbili, kisha asubuhi moja akamkuta amekaa benchini, wa kwanza kabisa, amekunja uso. Mzee mmoja wa bondeni alikuwa amepaliwa vibaya na Tausi akawahi. Baada ya hapo simu zikapungua, na zilipokuja zilikuwa na habari za wagonjwa zaidi kuliko za baridi. Siku moja alisema amenunua sufuria kubwa. Hidaya alijikuta amefurahi kupita kiasi kwa habari ya sufuria.

Wiki ya mwisho, Hidaya alikuwa amekaa sebuleni na mama yake asubuhi, madirisha wazi, joto limeshaanza. Bi Mwantumu akamuuliza anawaza nini, maana alikuwa ameacha chai yake ikapoa.

Hidaya akamwambia ukweli. Alikuwa anawaza Ilundo. Alikuwa anawaza ile sauti ya "ma" aliyoipita bila kuisikia, na watu wanaokaa benchini na mablanketi, na Tausi kwenye ngazi na sweta zake mbili. Ilikuwa inamuuma palepale chini ya mbavu. Hakujua kwamba inaweza kuuma kutokea upande huu pia.

"Na ukirudi kule?" mama akauliza.

"Nitakuwa nakuwaza wewe."

Bi Mwantumu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa anakisubiri muda mrefu na amekiona kimefika kikiwa kizima. Akaipanga pumzi yake. Ilichukua muda, na Hidaya hakumsaidia.

"Miaka yote ile," akasema, "sikuwa na mtu wa kumkosa. Ulikuwa hupo tu." Akapumzika. "Sasa nenda, mwanangu. Nitakukosa."

Hidaya akaenda uani kuanua nguo. Alisimama katikati ya kamba na kanga zilizokauka, jua linamchoma utosini, akalia bila haraka mpaka akamaliza. Kisha akaanza kukunja za safari, akiziweka upande wake, na za mama upande wake.